Maneno 50 kwa siku na bado nakosa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza digrii ya kwanza na sasaivi najiandaa na GRE, ule mtihani wa Kiingereza na hesabu ambao vyuo vingine vya nje vinautaka, nataka kuomba masta. Hesabu hainisumbui, shida yangu ni maneno. Nilipakua orodha ya maneno 1,000 nikajiwekea 50 kwa siku, asubuhi nayasoma usiku nayarudia, nikawa naona kabisa mambo yanaenda. Juzi nikarudi kwenye yale ya wiki ya kwanza, Mwalimu hata robo sikumbuki, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata yale niliyoyakumbuka nikikutana nayo ndani ya swali nakosa. Nimebakiza miezi mitatu. Niongeze spidi au nitafute tu vyuo visivyotaka GRE? – Kichwa Kimejaa

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Spidi usiongeze, punguza, tena sana.

Hiyo orodha yako naijua aina yake hata bila kuiona, neno kushoto maana kulia, basi. Orodha za hivyo zilikuwa na kazi yake zamani, maana kabla ya 2011 GRE ilikuwa inakuletea neno moja limekaa peke yake unatafuta kinyume chake, kwahiyo aliyekariri alikuwa anapasua tu. Maswali hayo yaliondolewa 2011 na hayajarudi. Siku hizi neno linakuja ndani ya sentensi, na sentensi yenyewe ndo inakwambia inataka nini, ila watu bado wanasoma kwa ajili ya mtihani ambao haupo tena.

Tuchukue mfano, nautunga hapahapa na nauweka kwa Kiswahili ili uone inavyofanya kazi: "Ingawa waziri anajulikana kuwa ____ mbele za watu, nyumbani anaongea mpaka usiku wa manane." Unapewa maneno sita uchague mawili yanayoifanya sentensi iwe na maana ileile, na ukipata moja tu umekosa lote, hakuna nusu maksi. Kwenye sita hizo kuna taciturn na reticent, kuna garrulous na loquacious, na mengine mawili ya kujazia. Aliyekariri anafanya nini? Anaona garrulous na loquacious ni pacha, wote waongeaji, anaona na kuongea kupo kwenye sentensi, anatia tiki anasonga mbele. Kumbe neno lililokuwa limebeba swali zima ni "ingawa", linageuza upande, panatakiwa mtu mkimya, yaani taciturn na reticent. Huyo hakukosa kwa kutojua maneno! Yote manne alikuwa anayajua.

Kwahiyo kabla hujaangalia machaguo yafunike kwa mkono, soma sentensi, jaza pengo kwa neno lako mwenyewe hata kama ni la Kiswahili, "mkimya", "bubu", lolote lile, afu ndo ufunue utafute linalofanana na lako. Mwanzoni utaona unachelewa, lakini verbal, yaani sehemu ya maneno, ina maswali 27 kwa dakika 41, dakika moja na nusu kila swali, inatosha ukizoea.

Sasa kusahau. We ulikuwa unayatambua maneno, hukuwa unayakumbuka, ni kama sura ya mtu unayepishana nae kila asubuhi, sura unaijua vizuri ila ukiulizwa jina unabaki mdomo wazi. Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni kabisa, afu kasi inapungua. Ukirudia usiku uleule ukaishia hapo umeliacha neno lianguke lenyewe. Rudia kesho, afu baada ya siku tatu, wiki, wiki mbili, na kila mara ujiulize kwanza ndo ugeuze kadi, usisome tu. Anki, ile app ya kadi, inakupangia hizo siku yenyewe, na kama hupendi simu chukua visanduku, ukipatia kadi inaenda kisanduku cha mbele unachokifungua kwa nadra, ukikosa inarudi cha kwanza bila huruma. Maneno 12 kwa siku yanatosha, siku 70 ni maneno 840 na bado unabaki na wiki kama tatu za kufanya maswali matupu.

Na kadi yenyewe usiandike neno na maana. Mbele weka sentensi yenye pengo, nyuma weka neno na maana yake kwa Kiswahili chako cha kila siku. Mimi zamani nilikuwa na kadi ya enervate, nikaisikia kama energy nikajiaminisha ni kutia nguvu, kumbe ni kumaliza nguvu, na nimelibeba kosa hilo miezi sababu kadi haikuwa na sentensi ya kunisuta.

Kitu kingine, usiyadharau maneno mepesi. Kwetu "kaa" ni kuketi, ni yule mnyama wa kwenye maji, na ni la moto, na hakuna anayechanganyikiwa. Kiingereza nacho kina ya kwake: flag kama kitenzi ni kulegea, kuishiwa nguvu, qualify ni kuipunguza makali kauli uliyoitoa, sanction ni kuruhusu na pia ni kuadhibu, yote mawili. Hayo ndo yanaumiza watu kuliko yale magumu.

Kuhusu vyuo visivyotaka GRE, vipo vingi tu, ila angalia ukurasa wa programu yenyewe sio wa chuo kizima maana ndani ya chuo kimoja idara hii inaitaka na jirani yake haiitaki. Angalia leo, kabla hujatengeneza kadi hata moja.

SWALI: Mwalimu, ni kweli nikijua mizizi ya Kilatini sihitaji kukariri? – Mvivu Kidogo

JIBU: Nusu kweli. Mzizi we unaujua toka utotoni, -som- inakupa soma, somo, msomi, someka. Kilatini nacho loqui ni kusema, humo ukapata loquacious, eloquent, colloquial, soliloquy, manne kwa bei ya moja. Ila mzizi utumie kukumbuka neno ulilokwisha kujifunza, usiutumie kubahatisha usilolijua, labda muda umekuishia kabisa, hapo bahatisha tu maana jibu baya halikatwi maksi. Kuna noisome, yeyote atasema ni kelele. Ni harufu mbaya.