Nyumba nane, sola moja, bila inveta: inawezekana, lakini usianze na volti 12

Ndugu yangu wa Mambrui, umeuliza kama nyumba nane za ukoo wenu zinaweza kutumia paneli na betri za pamoja, umeme wa DC (wa upande mmoja, kama unavyotoka kwenye betri) uende nyumba kwa nyumba bila kupitia inveta, kifaa cha kuugeuza uwe AC kama wa laini za kawaida. Nakujibu kwa yaliyonipata huku kisiwani Pate, maana nyumba zetu sita tuliziunganisha hivyo na mara ya kwanza tulikosea.

Tulianza na volti 12 kwa sababu taa na feni za volti hizo zinapatikana kwa urahisi. Nyumba zilizo karibu na betri hazikuwa na shida. Kwa khalati yangu, mita 30 upande wa pili wa uwanja, jioni watu wakiwasha vitu taa yake ilikuwa nyekundu kama mkaa unaozimika, na feni ukiweza kuzihesabu panga zake. Fundi akalaumu betri, tukanunua nyingine, na hali ikabaki vilevile.

Kosa lilikuwa kwenye waya. Wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10. Waya wa shaba wa milimita 2.5 mraba, mita 30 kwenda na 30 kurudi, una ukinzani (nguvu ya waya kuzuia umeme) wa karibu omu 0.44, kwa hiyo volti 4.4 zinapotea njiani. Karibu wati 44 zinaishia kuupasha waya joto! Mzigo huohuo kwa volti 48 unahitaji ampea 2.5 tu, na kinachopotea hakifiki wati 3. Volti zikizidishwa mara nne, hasara inapungua mara kumi na sita. Laiti ningelijua hilo kabla ya kununua betri ya pili.

Sasa tuna betri ya volti 48, na kila nyumba ina kiboksi cha kushusha volti hadi 12. Nacho kinakula kidogo, lakini bado tunapata nafuu. Inveta yetu ya zamani ilikuwa ikila wati 15 hata kama hakuna kilichowashwa, yaani wati-saa 360 kwa siku, za kuwasha taa ya wati 10 kwa saa 36. Tumeiweka kwa ajili ya drili na mashine za mafundi, huwashwa kazi ikiwepo. Friza ya samaki tulinunua yenye kompresa ya DC, nayo haihitaji inveta.

Hapa nakusihi usifanye mzaha: swichi. Umeme wa AC wa hertzi 50 hugeuza mwelekeo na kupita sifuri mara 100 kila sekunde, ndiyo maana cheche inayoruka ukizima swichi hukatika upesi. DC haipiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka. Swichi ya kawaida ya ukutani tuliyoifunga kwenye laini ya volti 48 nilikuja kuifungua, nikakuta vyuma vya ndani vimeungua vikagandana, na juu yake ni paa la makuti. Nunua swichi na fyuzi zilizoandikwa DC, na fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na betri.

Chumvi unaijua mwenyewe. Miisho ya waya wetu ilikuwa kijani baada ya masika moja tu. Tafuta waya uliopakwa bati, kama wanaotumia mafundi wa boti.

Ugomvi wa nani anatumia zaidi tuliumaliza kwa fyuzi ya ampea 3 kila nyumba, sawa kwa wote, hata kwa mimi ninayetunza betri.

Kama nyumba zenu zote zimo ndani ya mita 50 kutoka betri, fanyeni, na mkiweza tumieni waya wa milimita 4 mraba. Iliyo mbali zaidi ipewe paneli na betri yake. Pima kwa kamba pale waya utakapopita, usikadirie kwa macho, kisha uniandikie vipimo tupige hesabu pamoja.