Friji linalotekenya vidole na taa isiyozimika

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Kuna mambo mawili madogo yanayonishangaza nyumbani kwangu Mbagala. Nina friji la mtumba ambalo plagi yake ina meno mawili ya duara. Nikilifungua nikiwa peku, hasa baada ya kupiga deki, hunitekenya vidoleni, lakini nikivaa ndala sihisi kitu. Pia taa ya LED ya sebuleni huendelea kuwaka kwa mbali usiku kucha hata nikizima swichi. Fundi aliyefunga umeme alikuja, akaligusa friji kwa testa, akaigeuza plagi na shoti ikapungua. Akaniambia kwamba shoti ndogo ni kawaida ya mafriji, na kwamba taa ni ya bei rahisi tu. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yangu, si kweli, na ninakuomba uanze na friji leo hii. Vaa viatu vikavu, zima swichi ya soketi, kisha uchomoe plagi. Vyakula vihifadhiwe kwa jirani mpaka kazi nitakayoieleza hapa ikamilike.

Maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu kila moja lina sentensi ileile ya fundi kwamba shoti ndogo ni kawaida. Sentensi hiyo ina asili yake. Dekoda, televisheni na chaja nyingi za kompyuta ya mpakato zenye plagi ya meno mawili zina kapasita ndogo za kuchuja umeme, ambazo hupitisha mkondo mdogo mno, chini ya miliampea 1, hadi kwenye sehemu za chuma za nje. Vifaa hivyo vilibuniwa kufanya kazi bila waya wa ardhini, na vingi vina alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Ukipitisha kidole juu yake unaweza kuhisi kama chuma kinatetema, na hapo kweli hakuna hatari. Kosa ni kuyachukua maneno ya dekoda na kuyahamishia kwenye friji, pasi au mashine ya kufulia, ambavyo bati lake lilikusudiwa liunganishwe na ardhi muda wote.

Ndala ndizo zinazonisikitisha zaidi. Umeme unaovuja ndani ya friji lako haukupungua ulipovaa ndala. Kilichobadilika ni njia yake ya kufika ardhini. Ukisimama peku juu ya sakafu ya saruji yenye maji, mwili wako ndio njia hiyo. Binadamu huanza kuhisi umeme kwenye miliampea 1 au pungufu. Ukikaribia miliampea 10 misuli ya kiganja hukaza, na aliyeshika mlango wa friji hushindwa kuuachia. Ukizidi 30 kwa muda unaokaribia sekunde moja, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kutoka kutekenywa hadi kunaswa ni suala la ganda la waya kuzeeka kidogo zaidi, au unyevu kuingia kwenye kompresa, na wa kwanza kujua anaweza kuwa mtoto aliyetoka kuoga akafuata maji baridi.

Kugeuza plagi nako hakuondoi chochote. Ndani ya friji, sehemu inayovuja huwa karibu zaidi na mwisho mmoja wa nyaya kuliko mwingine. Ukigeuza, sehemu hiyo inaangukia upande wa nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, na shoti inafifia, lakini uvujaji uko palepale. Testa nayo hutoa mwanga kwa mkondo mdogo sana, kwa hiyo haiwezi kumwambia fundi kama anachokigusa ni dekoda salama au friji linaloelekea kuua. Kipimo kinachofaa ni mega, ambayo hupeleka volti 500 kati ya nyaya na bati, kifaa kikiwa kimechomolewa, na kuonyesha kama maganda ya nyaya bado yanazuia umeme.

Sasa itazame hiyo plagi kwa karibu. Pembeni, juu na chini, utaona vipande viwili vya chuma. Hivyo ndivyo ethi, yaani kiungo cha waya wa ardhini, ya friji lako, kwa kuwa plagi hiyo ilitengenezwa kwa soketi za Ulaya bara. Soketi zetu ni za matundu matatu, na tundu la juu hufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini pale jino refu la plagi linapotangulia kuingia. Friji lako halina jino hilo, kwa hiyo bila shaka mtu alichukua kalamu, akaisukuma tundu la juu, akaingiza meno mawili kwa nguvu. Umeme ukapita, friji likaganda, na vile vipande vya ethi vikabaki vikigusa plastiki. Nimeona kalamu hizo zikiwa zimeachwa juu ya friji kabisa, kama kifaa cha nyumba. Plagi ikatwe, na mahali pake iwekwe ya meno matatu, waya wa kijani na njano ukifungwa kwenye jino refu, wa kahawia upande wa fyuzi, na wa samawati upande uliobaki.

Hilo litasaidia tu ikiwa soketi yenyewe ina ethi inayofika ardhini, na taa yako inanipa shaka. Taa ya LED inaweza kuwaka kwa mbali kwa sababu isiyo na madhara, kama vile swichi yenye kitaa kidogo ndani yake au nyaya ndefu zinazokwenda sambamba. Lakini sababu ninayoikuta mara nyingi ni swichi kufungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Hapo ukizima, taa bado imeshikwa na volti 230, na mkondo mdogo unaotoroka kupitia kuta unatosha kuiwasha. Siku utakapobadilisha taa ukiamini umeizima, utaingiza vidole kwenye holda yenye moto. Aliyechanganya nyaya mbili kwenye swichi sina sababu ya kumwamini kwamba aliufikisha wa tatu ardhini.

Vishoka, yaani mafundi wa mitaani wasio na leseni, wana namna yao ya "kuweka ethi" ambayo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Huchukua kipande cha waya na kuunganisha ethi na nyutro humo humo ndani ya soketi. Shoti hutoweka na mwenye nyumba hushukuru. Siku nyutro itakapokatika au kulegea mahali popote kabla ya soketi hiyo, bati la friji litapata volti 230 kamili. Wengine hufunga waya kwenye bomba la maji, ilhali mabomba mengi ya sasa ni ya plastiki.

Wala msitegemee kwamba "kungekuwa na hatari, umeme ungekata." Sakiti breka ya ampea 32 inalinda nyaya zisiungue, na miliampea 30 zinazoweza kuua mtu ni chini ya sehemu 1 ya 1,000 ya kiwango chake. Hata kwenye nyumba yenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, tuseme yenye ukinzani wa omu 20, waya wa moto ukigusa bati utapitisha si zaidi ya ampea 11.5, na breka hiyo haitashtuka. Ndiyo maana pamoja na ethi inahitajika RCD ya miliampea 30, ambayo hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde ukipotea njiani. Kwa nyumba yenye shawa ya umeme, ambapo mtu husimama uchi ndani ya maji, mimi sikubali kuwasha bila kifaa hicho.

Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, umwombe akuonyeshe leseni yake kwanza, kisha akuonyeshe kwa macho yako ethi inavyoingia ardhini, aipime kwa kipimo chake, apime friji kwa mega, arekebishe swichi ya sebuleni, na afunge RCD. Baada ya hapo bonyeza kitufe chenye herufi T kila baada ya miezi michache. Umeme ukate papo hapo. Katika nyumba kadhaa nilizokagua, kitufe hicho hakikufanya lolote. Nilipofungua kifuniko nilikuta nyaya zimepitishwa pembeni, kwa sababu kifaa kilikuwa kinakatakata na fundi aliombwa akinyamazishe. Kila mara palikuwa na kitu kinachovuja umeme humo ndani, na mara mbili kilikuwa friji.