Anagonga mlango upande uleule kila siku? Miwani haitasaidia

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, mama kila akipita anagonga fremu ya mlango upande wa kushoto, tumempeleka kwenye miwani wakasema macho yake mazima, tufanyeje?" Ile meseji iliniuma, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo, macho mazima, tena nilisoma ule ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa, nikapewa dawa ya matone nikarudishwa nyumbani. Mpaka leo nikikumbuka yale matone nachemka.

Ubao ule unapima ukali wa kuona pale katikati tu. Unaweza ukapata 6/6, yaani alama ya macho mazima, safi kabisa na bado nusu nzima ya upande mmoja huna! Halafu watu wanadhani utaona giza, utaona kitu cheusi. Mi sikuona cheusi chochote, upande wa kushoto ulikuwa haupo tu, kama vile sasa hivi usivyoona kilicho nyuma ya kichwa chako, ndo maana mtu anaweza kukaa na tatizo hili na asijue. Watu walikuwa wananitokea ghafla kwa kushoto mpaka nashtuka. Kusoma ndo kulinitesa, mwanzo wa maneno ulikuwa unaliwa, niliandikiwa kuhusu fundi "hatakuja leo" mimi nikasoma "atakuja leo" nikakaa namsubiri mpaka jioni.

Aliyenigundua ni dokta mwingine kabisa na hakutumia mashine yoyote. Alikaa mbele yangu akaniambia ziba jicho moja na kiganja, niangalie puani usihamishe macho, halafu akawa anachezesha kidole pembeni juu na chini, kulia na kushoto. Nikaziba la kushoto, kidole cha kushoto sikukiona. Nikaziba la kulia, kidole cha kushoto vilevile sikukiona. Akasema hapa jicho halina kosa, twende tukapige picha ya kichwa. Na kweli, kiharusi, kisogoni upande wa kulia.

Iko hivi: vyote vilivyo kushoto kwako, macho yote mawili yanavipeleka ubongo wa kulia, na vya kulia vinaenda ubongo wa kushoto. Neva za macho zinakutana njia panda moja juu kidogo ya tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo), baadhi ya nyuzi zinavuka. Sasa kama kilichopotea ni kwenye jicho moja tu, shida iko kwenye jicho lenyewe au neva yake kabla ya hiyo njia panda. Kama ni upande uleule kwa macho yote, shida iko nyuma ya njia panda, ndani ya ubongo. Na kama zimepotea pande za nje, kulia kwa jicho la kulia na kushoto kwa jicho la kushoto, wanatafuta uvimbe wa pituitari, na huo mara nyingi huja taratibu.

Jamani, kiharusi siyo mdomo kupinda na mkono kulegea tu! Upande wa kuona ukipotea ghafla hiyo ni dharura, kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda na kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, ukilala eti kesho kutakucha umeipoteza. Kipandauso nacho kinaweza kuficha upande, ila mara nyingi kinaanza kidogo, kinatambaa na vimistari vinavyometameta halafu ndani ya saa moja upande unarudi. Kama ndo mara yako ya kwanza usijipe jibu mwenyewe, nenda.

Mimi leo nasoma tena, gazeti zima, naweka kidole mwanzo wa mstari jicho likifike kwanza, na nikiingia popote nageuza kichwa kushoto kabla ya hatua ya kwanza. Nilifanya hivyo mpaka ikawa tabia, na najivunia. Gari siendeshi.

Dada yangu, mama asivuke barabara peke yake kwa sasa. Mpeleke hospitali leo, waambie unataka apimwe uga wa macho, yaani eneo lote analoliona bila kuhamisha macho, kila jicho peke yake, na kabla hamjatoka nyumbani muulizeni vizuri ilianza lini na kama ilikuja ghafla au polepole, maana hilo ndo swali la kwanza mtakaloulizwa.