Maswali ya Wasomaji: Mtaa wa Tiba wa Kobe na Sisi wa Malindi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilisikia redioni kwamba jiji la Kobe, Japani, lina mtaa mzima wa hospitali, maabara na kampuni za vifaa vya tiba, tena juu ya kisiwa kilichotengenezwa kwa kufukia bahari. Binti yangu anasomea teknolojia ya maabara. Je, Malindi yaweza kupata kitu kama hicho, au ajiandae kuhamia Nairobi?
Mama wa Shella, Malindi

JIBU: Mama yetu wa Shella, uliyoyasikia ni kweli, ila chanzo chake kilikuwa msiba. Tetemeko la ardhi la Januari 17, 1995 liliua zaidi ya watu 6,000 katika Kobe na miji jirani, likaibomoa bandari iliyokuwa tegemeo la jiji, na shehena nyingi zilizohamia bandari nyingine hazikurudi. Mwaka 1998 jiji likaanza kupanga uchumi mpya wa tiba katika kisiwa cha Port Island. Mwaka 2000 taasisi ya utafiti ya RIKEN ikaanzisha kituo chake cha hapo, lakini hospitali kuu ya jiji, iliyokuwa tayari sehemu nyingine ya kisiwa, haikuhamia ndani ya mtaa huo wa tiba hadi 2011. Wanasiasa wetu, wanaopenda kukata utepe kabla ya uchaguzi, wangechoka mapema.

Faida ya ujirani huo ilidhihirika Septemba 2014, pale Dkt. Masayo Takahashi wa RIKEN na wenzake walipochukua seli za ngozi ya mama mmoja aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona, wakazigeuza kuwa seli za jicho, na kipande chembamba chenye urefu wa milimita 3 kikapandikizwa nyuma ya jicho lake katika hospitali ya kisiwani humo humo. Seli hai hazivumilii safari ndefu wala foleni ya magari.

Sasa tazama kwetu. Kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza, kimekuwa mjini Kilifi, katika kaunti yetu, tangu 1989, ndani ya eneo la hospitali ya kaunti, na watoto wa huku walishiriki majaribio ya chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Maabara na wagonjwa, basi, tayari ni majirani. Kinachokosekana ni kiwanda, kwa maana R21 hutengenezwa India. Kwa maoni yangu, kaunti ikitaka kuanza, ianze na vitu vidogo kama vitendanishi, yaani kemikali za kupimia sampuli, na matengenezo ya mashine, kwa kuwa kiwanda cha chanjo hudai umeme usiokatika, maji safi mno na wakaguzi waliobobea, na hayo hayanunuliwi kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Binti yako asikimbilie Nairobi. Kilifi ni mwendo wa kama saa moja kwa matatu; aombe mafunzo ya kazi huko, na zaidi ya kupima sampuli ajifunze udhibiti wa ubora na utunzaji wa mashine, ujuzi ambao hospitali za Malindi nazo zinauhitaji hata kabla kiwanda hakijajengwa.