Kwa mnaoanza kutengeneza vifaa vya kupima kemia ya seli hai

Wengi wenu mnaingia huku mkitokea fizikia au umeme, na cha kwanza mnachokimbilia ni leza na kamera. Anzeni na seli. Kaa na mtu wa baiolojia muda wa kutosha uone anavyozitunza kwenye nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5, anavyojua kwa macho tu kwamba hizi leo haziko sawa, manake kifaa chako hata kiwe kikali vipi kikipima seli inayokufa kitakupa namba safi kabisa za seli inayokufa.

Kitu kinachowapoteza wengi ni mwanga. Signo, yani mwanga unaoupokea kutoka kwenye seli, ikiwa ndogo mtu anaongeza leza, signo inapanda, anafurahi, kumbe anaichoma seli. Iangalie vizuri, utaona mitokondria (viwanda vya nishati vya seli) zilizokuwa ndefu kama nyuzi zinakatikakatika zinakuwa viduara, utando nao unaanza kutoa mapovu pembeni. Ukifika hapo data yote tupa. Mimi naona pesa ya leza kubwa bora iende kwenye lenzi nzuri na ditekta inayokamata kila fotoni, yani kila chembe ya mwanga, yani ukusanye zaidi, usimwage zaidi.

Alafu usiamini signo mpaka uisukume pande zote mbili. Chukua NADH, molekuli inayobeba elektroni za nishati ndani ya seli, unaimulika na mwanga wa nanomita 340 hivi yenyewe inang'aa karibu na 460, huhitaji hata rangi, na mwanabiofizikia Britton Chance na wenzake walishaitumia kwenye viungo vya wanyama hai mwaka 1962. Sasa weka sianidi (kwa tahadhari zote za maabara jamani), mnyororo wa upumuaji, ule unaotumia NADH na oksijeni kwenye mitokondria, unaziba, NADH inajaa, mng'ao lazima upande. Kwenye seli nyingine weka FCCP, kemikali inayouondolea mnyororo breki, mnyororo unakimbia, mng'ao unashuka. Kama kifaa chako hakioni hayo mawili basi kinachopima ni kitu kingine, labda uchafu wa kioo au mng'ao wa chakula chenyewe cha seli. Na NADPH, molekuli ndugu yake, nayo inang'aa hapohapo, kwa hiyo usije ukaripoti NADH peke yake kirahisi.

Kalsiamu ndo usiseme. Ndani ya seli iliyotulia ni kama nanomola 100 kwa lita, nje ni zaidi ya milimola 1, tofauti mara elfu kumi, kwa hiyo tobo dogo tu kwenye utando linaharibu kipimo chote. Ndio maana napenda fura-2, rangi ambayo mng'ao wake unabadilika ikishika kalsiamu, ya maabara ya mwanakemia Roger Tsien, unaimulika kwa 340 na 380 kwa kupokezana unagawanya moja kwa nyingine, hapo unene wa seli na wingi wa rangi vinajifuta vyenyewe, ila lazima uondoe mng'ao wa nyuma (mwanga usiotoka kwenye rangi) kwanza kabla ya kugawanya, sio baada.

Na zima taa za chumba kabla hujawasha fotomaltiplaya, ditekta nyeti sana ya mwanga, ikiwa na volti karibu elfu moja ikapigwa na mwanga wa kawaida inaungua.