Betri kuisha chaji usiku: pima kabla hujanunua

Mkuu, kama gari linalala hapo Sakina, Arusha, na asubuhi haliwaki mpaka ubusti, usikimbilie betri mpya, pima kwanza. Chukua mita ya umeme (multimeter), gari limezimwa masaa kadhaa betri nzima inasoma kama volti 12.6, halafu washa injini, ikipanda 13.8 mpaka 14.4 hivi basi oltaneta (kifaa cha injini kinachochaji betri) inachaji, ikibaki 12 na kitu angalia mkanda na waya zake. Oltaneta ikiwa fresh huenda kuna kitu kinakula umeme usiku. Chomoa terminali ya hasi, weka mita upande wa ampea katikati ya betri na waya uliochomoa, funga milango, subiri nusu saa kompyuta za gari zilale (usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza!). Ikizidi miliampea 50 anza kuchomoa fyuzi moja moja, ile itakayoshusha namba ndo njia yenye shida. Yangu ilikuwa redio, fundi alichukua umeme moja kwa moja kutoka betri, nilishanunua betri mbili bure aisee. Oltaneta ikiwa sawa na hakuna kinachokula umeme, betri imechoka, na baridi ya Julai Arusha inamalizia kabisa.