Vitanda vipya kukaa bila wagonjwa

Umeuliza mbona serikali imefungua wodi ya wagonjwa mahututi yenye vitanda 10, lakini vinavyotumika ni 4 tu. Mara nyingi jibu liko kwenye ratiba ya zamu. Wiki ina saa 168. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 anaziba chini ya robo yake, kwa hiyo kitanda kimoja chenye muuguzi wake usiku na mchana kinadai wauguzi 4.2. Ongeza likizo, kuugua na mafunzo, unafika watano au zaidi. Vitanda 10 ni wauguzi 50, na bajeti ya ujenzi haina mshahara hata mmoja!

Halafu oksijeni. Mashine ndogo ya kando ya kitanda hutoa lita 5 hadi 10 kwa dakika. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuhitaji zaidi ya 30. Hapo unataka mtambo wa kuzalisha oksijeni, na mabomba yafike ukutani kwa kila kitanda. Umeme ukikatika na jenereta isiwake, inabaki mitungi ya akiba, kama ilijazwa. Siku ya uzinduzi ulizeni ajira ngapi zimeidhinishwa, na nani analipwa kubadilisha filta za kompresa, yaani pampu inayosukuma hewa ndani ya mtambo huo.